UZI: Kumtia adui alama kwenye gemu za risasi, na bonasi yake inavyohesabiwa

#1 Mwenye uzi (Ngamiani, Tanga)

Wakuu, salaam. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka auweke akiba ausome jioni.

Jumamosi tulikuwa kibandani kwetu Ngamiani, barabara ya 12, watu wanne benchi moja, simu zote zimechomekwa kwenye eksitensheni moja, tunacheza Free Fire kwa skwadi. Dogo mmoja wa kidato cha pili alikuwa amechagua mhusika anayeitwa Moco. Risasi yake moja ikamparuza adui kabla hajajibanza nyuma ya ukuta, na pale pale alama ikawaka kwenye skrini zetu zote nne. Ikakaa sekunde zake tano. Mmoja wetu alikuwa anaokota risasi, mwingine anajitibu, mimi nimeelekea mlimani. Alama ikazimika. Adui akazunguka ukuta, akawalaza wawili. Dogo akashusha simu mapajani, akasema taratibu: "Kaka, mimi nawaonesha, nyinyi hamuangalii."

Alikuwa na haki yake. Toka siku ile nimekuwa nikiwauliza watu pale kibandani uwezo wa mhusika wao unafanya nini hasa, na wengi wanajibu "anamaki maadui", yaani anawatia alama, wanaishia hapo. Anamaki kwa muda gani? Nani anaiona? Adui mwenyewe anajua kwamba ameonekana? Akiwa na alama anaumia zaidi au la? Kimya. Ndiyo maana nimeamua kuandika.

Kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo tunavichanganya kila siku. Kuna alama ya habari na kuna alama ya makali. Alama ya habari inakwambia adui yuko wapi, basi, risasi yako inabaki ile ile. Alama ya makali inamfanya adui aumie zaidi kila anapopigwa. Gemu nyingine zinakupa zote mbili kwa mkupuo, na hapo ndipo watu hupotea.

Moco ni wa habari. Jinsi alivyotolewa, ukimpiga adui anabaki na alama kuanzia sekunde 2 mhusika akiwa ngazi ya chini hadi sekunde 5 akiwa ngazi ya juu, na wenzako wanaiona. Hakuna nyongeza yoyote ya damegi, yaani ya makali ya risasi. Mlinganishe na Shirou wa gemu hiyo hiyo, jinsi alivyotolewa: adui akikupiga akiwa ndani ya mita 80, yeye ndiye anayepata alama kwa sekunde 6, na risasi yako ya kwanza kwake inapenya kinga ya mwili kuliko kawaida. Ila alama ya Shirou unaiona wewe peke yako. Sasa mtu anachukua Shirou halafu anawapigia kelele wenzake, "Si nimemmaki, mbona hampigi!" Watampiga vipi mtu ambaye kwao hana alama? Hapo lazima utumie mdomo: useme yuko dirisha la kushoto, juu.

Tena kuna alama ambayo unajitia mwenyewe bila kujua. Kwenye Call of Duty, mfano ile Modern Warfare ya 2007, ukiua watatu mfululizo unaruhusiwa kuita ndege ya upelelezi, na maadui wanaonekana kwenye ramani ndogo kama vidoa vyekundu. Lakini hata bila ndege, ukifyatua bunduki isiyo na kizuia sauti, kidoa chako kinatokea kwenye ramani ya mwenzio. Kwa hiyo yule anayefyatua ovyo kuvunja vioo vya madirisha anajitangaza kijiji kizima.

Naendelea chini na hesabu, maana hapo ndipo penye nyama.

#2 Mwenye uzi

Hesabu. Damegi ni kiasi cha uhai ambacho risasi moja inaondoa. Chukua mfano wa kutunga: adui ana uhai 200, bunduki yako inaondoa 35 kwa risasi. 200 gawanya kwa 35 ni 5.7, na kwa sababu hakuna nusu risasi, unahitaji 6.

Sasa mtie alama ya nyongeza ya 10%. Risasi inakuwa 38.5. Tano zinaondoa 192.5, bado anapumua. Ni 6 vile vile. Bonasi yako imekufa bure, japo namba zinazoruka kwenye skrini zimekuwa kubwa na moyo umefurahi.

Ipandishe iwe 15%. Risasi inakuwa 40.25, tano zinaondoa 201.25, amelala. Umeokoa risasi moja. Bunduki inayotoa risasi 600 kwa dakika ina pengo la sehemu moja ya kumi ya sekunde kati ya risasi na risasi, kwa hiyo badala ya nusu sekunde umemaliza kwa sehemu nne za kumi. Mkikutana uso kwa uso, nani atabaki amesimama inaamuliwa na pengo kama hilo.

Na hapa ndipo pa kushangaza: ipandishe tena hadi 25%, au hata 30%. Bado ni 5. Mpaka ufike 43% ndipo zinakuwa 4. Maana yake kwa bunduki hiyo na adui huyo, alama ya 15% na ya 30% zina thamani moja ukiwa unapiga peke yako. Ndiyo sababu mtu akiniuliza "alama gani kali zaidi", namuuliza kwanza anatumia bunduki gani na anampiga nani.

Nimesema "peke yako" kwa makusudi. Tuseme alama ni 15% na inafanya kazi kwa kila mtu kwenye timu ya wanne. Wote wanne wakimgeukia adui yule mmoja, mmepata 15% mara nne, yaani 60% ya nguvu ya mchezaji mmoja. Ni kama mmeongezewa zaidi ya nusu mtu. Uwezo wa kukuongezea wewe binafsi 20% unaonekana mtamu ukiusoma, lakini haufui dafu mbele ya huo. Sharti ni hilo tu, kwamba wanne wampige mmoja. Kila mtu akipiga wa kwake, alama ni moja na anafaidika mmoja.

Watengenezaji wanalijua hili vizuri sana. Tazama Zenyatta, mhusika wa gemu ya Overwatch. Gemu ilipotoka mwaka 2016, ile tufe yake ya zambarau anayomning'inizia adui ilikuwa inamfanya aumie 50% zaidi kutoka kwa kila mtu. Mwaka huo huo ikashushwa hadi 30%. Kwenye Overwatch 2 ikashushwa tena hadi 25%. Bunduki ngapi mnazijua zilizokatwa nusu ya makali? Tufe ile ilikuwa inamfanya kila mwenye silaha kwenye timu awe muuaji, na adui akishaning'iniziwa anatafuta ukuta wa kujificha tu, maana akipotea machoni pa Zenyatta kwa sekunde chache tufe inarudi.

#3 Mdau wa Makorora

Mkuu umeshusha nondo. Swali langu: mimi nacheza PAYDAY 2, ile gemu ya majambazi na polisi, kwenye kompyuta ya bro. Kuna uwezo unaosema adui niliyemmaki anaumia 15% zaidi, halafu ukiuboresha kuna 50% nyingine akiwa mbali. Je, hizo zinajumlishwa au zinazidishana? Na wenzangu wakimmaki yule yule, zinapandana?

#4 Mwenye uzi

Swali la maana hilo, ndugu yangu. Uwezo huo naujua: 15% ndiyo msingi, na ile 50% ya ziada inaingia adui akiwa zaidi ya mita 10 kutoka kwako. Muda wa alama nao unaongezeka maradufu. Kwa hiyo mwenye bunduki ya masafa ndiye wa kuuchukua. Mwenye shotigani anayesugua mabega na polisi mlangoni anapata ile 15% tu, halafu analalamika kwamba uwezo hauna kitu.

Kujumlisha na kuzidisha, tofauti yake ni hii. Chukua risasi ya 100. Ukijumlisha 15 na 50 unapata 65, risasi inakuwa 165. Ukizidisha, 100 inakuwa 115 kwanza, halafu 115 inaongezwa nusu yake, unapata 172.5. Saba na nusu inaonekana ndogo, lakini rudi kwenye hesabu yangu ya juu uone saba na nusu inaweza kuokoa risasi nzima. Neno "ya ziada" kwenye maelezo kwa kawaida ni dalili ya kujumlisha, ila mimi siamini maelezo mpaka nimepiga sanamu la mazoezi nikahesabu.

Kupandana kwa alama za watu wawili, gemu nyingi zinakataa. Mfano ulio wazi ni Destiny 2: adui akiwa na udhaifu wa 15% kutoka kwako na wa 30% kutoka kwa mwenzio, unaohesabiwa ni wa 30% peke yake. Wa kwako umelala. Kwa hiyo wawili mkibeba uwezo wa aina moja, mmoja wenu amepoteza nafasi. Ongeeni kabla ya mechi, mmoja abebe alama, mwingine abebe tiba.

#5 Kaka wa Pongwe

Mimi nitapingana na wewe shekhe wangu. Alama zinaua gemu. Zamani ulikuwa unatega sikio, unasikia nyayo, unasoma kivuli mlangoni. Leo mtu anabonyeza kitufe, wekundu unawaka ukutani, anapiga. Huo ni ustadi gani? Mimi nimejificha kichakani dakika nne, nimetulia kama mvuvi wa ndoana, halafu mtoto ananimaki kutoka upande wa pili wa ramani. Inauma.

#6 Mwenye uzi

Kaka, nakuelewa, na kwa sehemu nakubaliana na wewe kabisa. Kwenye Battlefield 3 ya 2011 ilikuwa hivyo: unaelekeza mtutu, unabonyeza kitufe kimoja, adui anakaliwa na pembetatu nyekundu kichwani na timu nzima inamwona. Mwenzio akimuua unapewa pointi zako. Ilikuwa rahisi mno, watu wakawa wanabonyeza kila sekunde hata kabla ya kuona mtu. Ilipofika Battlefield V mwaka 2018 wakaondoa. Mchezaji wa kawaida akabaki na kuonesha mahali tu, na kumpachika adui mwenyewe alama ikawa kazi ya wapelelezi wenye darubini na fataki za mwanga, pamoja na wenye mtutu mzito wanaomwagia adui risasi mpaka ajulikane alipo.

Kwangu mimi kipimo ni kimoja: alama imemgharimu nini aliyeitia, na aliyetiwa ana njia gani ya kujinasua? Moco lazima akupige kwanza. Mshale wa Sova kwenye Valorant unaweza kuupiga risasi ukavunjika kabla haujamaliza kukusaka. Lion wa Rainbow Six Siege anapowasha mtambo wake, anayeonekana ni yule anayetembea. Tulia tuli sekunde zile, unapita salama. Alama za namna hii zina mlango wa kutokea, na mwenye kichwa anautumia. Ile ya kubonyeza bila gharama ndiyo iliyokuudhi, na mimi iliniudhi.

Ila usiseme mtoto yule hana ustadi. Kukuona kichakani huo nao ni ustadi.

#7 Mzee wa Chumbageni

Wanangu, gemu zenu mimi sizichezi, mjukuu wangu ndiye amenisomea uzi huu. Lakini mnayoyasema yalitokea hapa hapa Tanga. Novemba 1914 Waingereza walileta jeshi kutoka India, watu kama 8,000, wakashukia Ras Kazone. Wajerumani na askari wao wa Kiafrika walikuwa kama 1,000. Usiku, kamanda wao Lettow-Vorbeck akapanda baiskeli, akaingia mjini mwenyewe kuangalia adui amefika wapi. Mitaa akaikuta mitupu. Kwa hiyo akajua, na Waingereza waliotoka baharini hawakujua, wala hawakuwa wametuma watu wa kupeleleza vizuri. Siku chache tu wakapanda meli zao wakaondoka, wameacha silaha ufukweni. Watu hupenda kusimulia nyuki walivyowauma, na ni kweli nyuki waliuma, pande zote mbili. Mimi husimulia baiskeli.

#8 Mwenye uzi

Shikamoo mzee wetu. Ahsante sana kwa hili. Miaka yote napita na baiskeli njia ya Ras Kazone, nilikuwa nalijua la nyuki, la baiskeli sikulijua.

Turudi kwenye jambo moja nililolisahau, la muda. Alama ina saa yake, na saa hiyo inapaswa kukuongoza lini uitie. Kwenye Team Fortress 2 kuna silaha ya Scout, mmoja wa wahusika wake, nayo ni kipepeo (feni ya mkono) cha kupigia, ambayo yenyewe haina makali kabisa, imepunguzwa damegi kwa 75%. Kazi yake ni alama. Ukimgusa nayo adui, kwa sekunde 15 kila risasi ya timu yako inamuumiza 35% zaidi, na zaidi ya hapo risasi hazipungui nguvu kwa sababu ya umbali. Ukimgusa mwingine, wa kwanza anafutika, maana alama ni ya mtu mmoja kwa wakati. Sasa kuna vijana wanakimbia wanagusa kila wanayemwona, wa tatu, wa nne, wa tano. Kila wanapogusa wanamsamehe yule wa nyuma ambaye wenzao walikuwa wameshaanza kumpiga.

Gemu hiyo ni ya bure tangu 2011 na inabebwa hata na kompyuta za zamani, kwa hiyo ni nzuri kwa majaribio. Chukua bunduki ya Sniper, mhusika mwingine, bila kuvuta darubini inaondoa 50 kila risasi, karibu au mbali. Kwa alama inakuwa 67 na nusu. Scout ana uhai 125: bila alama risasi 3, kwa alama 2. Soldier ana 200: bila alama 4, kwa alama 3. Heavy ana 300: 6 dhidi ya 5. Lakini Medic, mganga wa timu, ana 150: bila alama 3 kamili, na kwa alama mbili zinaondoa 135 tu, kwa hiyo ni 3 vile vile. Alama hiyo hiyo, bunduki hiyo hiyo, Medic haimhusu. Msipoteze alama kwa Medic anayepigwa na Sniper.

#9 Dada wa Raskazone

Nimesoma uzi wote jana usiku, bando limeisha hapa hapa. Kaka mwenye uzi, leo asubuhi nimejaribu hesabu yako na wadogo zangu wawili, kompyuta tatu sebuleni kwa mama, waya mmoja umekatiza mlango na kila anayepita anaambiwa anyanyue mguu. Mdogo mmoja Medic, amesimama tu. Mwingine Scout na kipepeo. Mimi Sniper.

Scout na Soldier ni sawasawa na ulivyoandika. Heavy pia. Kwa Medic umekosea.

Bila alama nilipiga 3, hajafa. Nikadhani moja imekosa. Tukaanza upya, nikapiga 3, hajafa, amebaki na uhai kidogo. Mara ya tatu mdogo wangu akaniambia angalia namba zake, zinapanda zenyewe. Medic anajiponya kila sekunde! Na bunduki ya Sniper inachukua sekunde moja na nusu kati ya risasi na risasi, kwa hiyo mpaka ya tatu inafika yeye ameshajirudishia. Zikawa 4. Tukamgusa na kipepeo, nikapiga tena: ya kwanza, ya pili, ya tatu, akaanguka. Tumerudia mara tano, haijabadilika. Bila alama 4, kwa alama 3.

#10 Mwenye uzi

Dada, ahsante. Nimeisoma mara mbili na nimeenda kibandani kuhakikisha. Ni kweli kabisa, niliuhesabu uhai kama maji ya ndoo iliyotulia, nikasahau bomba liko wazi. Nimesahihisha kwa wote: Medic naye atiwe alama.

Na hili linafungua mlango mwingine mpana. Kila adui anayejiponya, au mwenye mwenzie anayemponya, risasi moja iliyookolewa inamnyima pia uhai ambao angeurudisha katika muda wa risasi ile. Kwa hiyo wale wanaoponywa ndio alama inawauma zaidi kuliko karatasi inavyoonesha. Je, kwa Heavy mwenye Medic nyuma yake mmejaribu? Huyo bila alama nadhani hamtammaliza kabisa kwa Sniper asiyevuta darubini.

#11 Dada wa Raskazone

Tunahitaji kompyuta ya nne. Mama ameshasema waya wa pili haukatizi mlango.

#12 Mdau wa Makorora

Nyumbani kwetu kuna laptopu ya bro, kioo kimepasuka pembeni ila inawaka. Jumapili baada ya adhuhuri naileta kwa bajaji. Mimi niwe Heavy.